Baiskeli nyepesi ya shokapu mbili: Kila gramu ina bei yake

MFANYABIASHARA anayetaka baiskeli za milimani zenye shokapu mbele na nyuma, iwe kwa kukodisha watalii au kwa kuuza tena, hukutana na swali moja kabla hajafungua pochi: je, alipe zaidi apate baiskeli nyepesi, au achukue nzito abakize fedha?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtaji utazunguka au utalala stoo. Katika bidhaa hii tofauti ya kilo mbili inaweza kugharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na si kila kilo iliyopunguzwa hurudisha fedha zake.

Chukulia mfanyabiashara mdogo wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, aliyeweka dola 10,000 kwa ajili ya baiskeli tano. Kwa hesabu ya haraka ana dola 2,000 kwa kila baiskeli. Kwa hesabu sahihi hana, na sababu zake zitaonekana hapa chini.

SOKO LILIVYOFIKA LILIPO

Baiskeli ya milimani kama bidhaa ilianzia jimbo la California nchini Marekani katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin County walipokuwa wakishuka mlima Tamalpais na baiskeli nzito za zamani. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, moja ya baiskeli za kwanza za aina hiyo kutengenezwa kwa wingi. Shokapu ya mbele ya RockShox, iliyoitwa RS-1, iliingia sokoni mwaka 1989, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Shokapu za nyuma zilienea katika miaka hiyo hiyo ya 1990, lakini ziliongeza uzito na bei kwa pamoja.

Tukio lililobadili bei za karibuni ni ugonjwa wa Uviko-19. Mwaka 2020 watu wa Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli, bidhaa ikaadimika, na wenye maduka wakaagiza kupita kiasi wakihofia kukosa. Mzigo ulipofika, wateja walikuwa wamepungua. Kampuni ya Shimano ya Japani, inayouza gia na breki kwa karibu kila mtengenezaji mkubwa, iliona mauzo yake yakishuka kutoka yeni bilioni 628.9 mwaka 2022 hadi yeni bilioni 474.3 mwaka 2023. Mwezi Oktoba mwaka huo huo duka kubwa la Uingereza la Wiggle Chain Reaction liliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi.

Matokeo yake yalikuwa punguzo kubwa la bei mwaka 2023 na 2024. Mnunuzi mdogo anapaswa kukumbuka mambo mawili kutokana na historia hiyo. Kwanza, bei iliyobandikwa kwenye orodha ya mtengenezaji si lazima iwe bei ya soko. Pili, baiskeli nyingi zilizonunuliwa kwa pupa mwaka 2020 na 2021 zilikaa gereji zikitumika kidogo, na hizo ndizo bidhaa nzuri za kuwinda kwenye soko la mitumba.

KWANZA: JE, SHOKAPU YA NYUMA INAHITAJIKA?

Wajuzi wa biashara hii hushauri mnunuzi aanze na njia itakayopitwa, si na baiskeli. Shokapu ya nyuma huja na viungo, beringi na boliti zake. Kwa bei ile ile, baiskeli yenye shokapu ya mbele peke yake huwa nyepesi kwa kilo moja na nusu hadi mbili, tena huwa na gia na breki bora zaidi.

Kwa mfano, katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli ndani ya hifadhi, na sehemu kubwa ya njia ni barabara ya vumbi. Anayekodisha baiskeli hapo hana sababu ya kulipia shokapu ya nyuma. Mteja hatalipa zaidi kwa ajili yake, na fundi atadai zaidi kuitunza.

Habari ni tofauti kwenye njia za miguu za milimani zenye mizizi, mawe na makorongo. Huko shokapu ya nyuma hushikiza tairi kwenye ardhi, hupunguza uchovu, na mteja asiye mzoefu huanguka mara chache zaidi. Hapo ndipo fedha huwa na kazi ya kufanya.

PILI: MILIMITA NDIZO ZINAZOBEBA KILO

Shokapu hupimwa kwa urefu inaozama, na urefu huo hutajwa kwa milimita. Baiskeli za mbio za porini huwa na milimita 100 hadi 120. Za matumizi ya kawaida ya milimani huwa na 130 hadi 150. Za kushuka miteremko mikali huvuka 160.

Kila daraja likipanda, fremu hunenepa, matairi hunenepa, na shokapu yenyewe hunenepa. Baiskeli ya alumini ya daraja la kati, iliyouzwa kati ya dola 1,500 na 2,000, huwa na uzito wa kilo 15 hivi. Ile ya mbio iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni inaweza kuwa kilo 11 au 12, lakini bei yake huwa mara mbili au tatu.

Kwa hiyo njia nafuu kuliko zote ya kupata baiskeli nyepesi ni kutonunua milimita ambazo hazitatumika. Anayechagua milimita 120 badala ya 150 anaweza kupunguza kilo nzima bila kuongeza hata senti moja.

Aidha, mnunuzi aangalie aina ya shokapu ya nyuma. Yenye springi ya chuma huzidi ile ya hewa kwa gramu 400 hivi au zaidi. Tena kwa anayekodisha, ya hewa ina faida nyingine: hurekebishwa kwa pampu ndogo kulingana na uzito wa mteja. Ya springi huhitaji kubadilishiwa springi nzima mteja wa kilo 60 anapompisha wa kilo 95.

UZITO UNALETA NINI HASA?

Matangazo husifu wepesi kana kwamba ni uchawi. Hesabu inasema vingine.

Mwendeshaji wa kilo 75, akiwa na baiskeli ya kilo 15.5 pamoja na maji na mizigo ya kilo 4.5, jumla ni kilo 95. Akipunguza kilo moja na nusu kwenye baiskeli, jumla inakuwa kilo 93.5. Hiyo ni pungufu ya asilimia 1.6. Katika mlima mkali unaomchukua saa moja, atafika mapema kwa chini kidogo ya dakika moja.

Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Matairi yanayobiringika vizuri, upepo sahihi ndani yake, na shokapu iliyorekebishwa isiyonesanesa kila mguu unaposukuma pedali, vyote vinaweza kumsaidia mpanda mlima kuliko kilo hiyo moja na nusu. Shokapu ya nyuma ikizama kwa robo hivi ya urefu wake, au karibu na theluthi, mwendeshaji anapokaa, huwa imepimwa vyema. Kurekebisha hivyo ni bure.

Wepesi huonekana zaidi pale baiskeli inapoinuliwa juu ya gogo, inapobebwa mgongoni, au inapoanza mwendo baada ya kila kona. Vilevile huonekana siku ya kuuza: mnunuzi wa mitumba huinua baiskeli kwa mkono kabla ya kuuliza bei.

BEI YA GRAMU MOJA

Njia ya kibiashara ya kuamua ni kugawa gharama ya kila badiliko kwa gramu zinazopungua. Takwimu zifuatazo ni makadirio ya mfano kwa baiskeli ya kilo 15.3, na mnunuzi aweke bei za muuzaji wake mwenyewe.

Matairi: kubadili mawili ya gramu 1,100 kwa mawili ya gramu 850 hupunguza gramu 500. Yakigharimu dola 110, kila gramu ni senti 22.

Tyubu: kuondoa tyubu za ndani na kutumia maji maalumu ya kuziba matundu hupunguza gramu 200 hivi baada ya kuhesabu maji yenyewe na valvu. Kwa dola 60, kila gramu ni senti 30.

Tandiko: kupunguza gramu 100 kwa dola 60 ni senti 60 kwa gramu.

Magurudumu: kutoka jozi ya gramu 2,300 hadi ya gramu 1,800 kwa dola 500 ni dola moja kwa gramu.

Gia za nyuma: kaseti ya SRAM ya daraja la NX ina gramu 615 hivi na ya GX ina 450 hivi. Tofauti ni gramu 165. Ikigharimu dola 200 pamoja na kifaa cha kuifungia kwenye gurudumu, kila gramu ni dola 1.20.

Fremu ya kaboni: ikiwa toleo la kaboni la baiskeli ile ile limezidi la alumini kwa dola 1,200 na kupungua kilo moja, kila gramu ni dola 1.20.

Picha inajieleza. Mabadiliko matatu ya kwanza hupunguza gramu 800 kwa dola 230, yaani chini ya senti 29 kwa gramu, na baiskeli inashuka hadi kilo 14.5. Gramu hizo hizo zikinunuliwa kwa njia ya fremu ya kaboni zingegharimu dola 960.

Hata hivyo, rahisi si lazima iwe salama. Tairi jepesi lina kuta nyembamba, na jiwe kali huikata. Kwa baiskeli ya kukodisha, wengi huona ni heri kuweka tairi jepesi mbele na kubakiza gumu nyuma ambako uzito mkubwa hukaa. Kuondoa tyubu, kwa upande mwingine, kuna faida ya ziada katika nchi zenye migunga: mwiba mdogo hutobolea na tundu hujiziba lenyewe, mteja akaendelea na safari.

Kaseti nayo ina mtego. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina gurudumu linalopokea kaseti inayoanzia meno 11 tu. Kaseti nyepesi zinazoanzia meno 10 hutumia mfumo mwingine wa kufungia, na Shimano na SRAM wana mifumo tofauti. Asiyeuliza mapema hununua kaseti isiyoingia.

MPYA AU MITUMBA?

Kwa dola zile zile, soko la mitumba linaweza kutoa baiskeli ya kaboni ambayo ikiwa mpya ingekuwa mbali na bajeti. Lakini vipo vipimo vya kuzingatia.

Kwanza ni umri wa vipuri. Kuanzia mwaka 2015 watengenezaji walihamia ekseli ya nyuma ya milimita 148 badala ya 142, na kuanzia 2016 na 2017 vipimo vya shokapu za nyuma navyo vikabadilishwa. Baiskeli ya zamani zaidi, hasa yenye magurudumu ya inchi 26, inaweza kuwa nyepesi na ya bei ya kuvutia, lakini kuitafutia rimu au shokapu ni kazi ya kudumu.

Pili ni afya ya fremu. Alumini huonyesha nyufa karibu na sehemu zilizochomelewa. Kaboni inaweza kuficha jeraha chini ya rangi. Mnunuzi ataiona iliyogongwa kwa kupapasa, kutazama kwa tochi, na kugonga kwa sarafu akisikiliza pale mlio unapofifia. Fremu ya kaboni yenye ufa isinunuliwe kwa ajili ya wateja, hata kwa bei ya bure.

Tatu ni dhamana. Watengenezaji wakubwa wengi huitoa kwa mnunuzi wa kwanza peke yake. Aliyenunua mitumba amenunua pia hatari yake.

Nne ni viungo vya nyuma. Baiskeli inuliwe kwa tandiko taratibu. Ukisikia mgongano mdogo kabla gurudumu halijanyanyuka, beringi au bushi zimekwisha. Hilo si la kuacha ununuzi, bali la kupunguza bei.

Kuna kundi la tatu ambalo mfanyabiashara hana budi kulikwepa, nalo ni baiskeli mpya za shokapu mbili zinazouzwa kwa dola mia chache kwenye maduka makubwa ya bidhaa mchanganyiko. Nyingi ni za chuma, nzito, na shokapu zake ni springi tu isiyo na kizuizi cha mafuta, hivyo hurukaruka badala ya kutulia. Baadhi hubandikwa onyo kwamba si za kutumiwa porini. Anayezikodisha mlimani anacheza na maisha ya mteja na jina la biashara yake.

GHARAMA ZISIZOONEKANA KWENYE BEI

Sasa turudi kwa mfanyabiashara wa Lushoto na dola zake 10,000.

La kwanza ni usafiri. Boksi la baiskeli lenye urefu wa sentimita 140, kimo 80 na upana 25 lina ujazo wa sentimita za mraba-tatu 280,000. Wasafirishaji wa vifurushi kwa ndege hugawa ujazo huo, mara nyingi kwa 5,000, na kutoza kwa kilo 56 hata kama baiskeli ni kilo 15. Mashirika yanayogawa kwa 6,000 hutoza karibu kilo 47. Kwa hiyo kulipia baiskeli nyepesi kwa matumaini ya kuokoa nauli ya ndege ni kujidanganya. Mwenye baiskeli tano aulize bei ya kuchangia kontena la meli.

La pili ni ushuru. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa mzigo wa meli huhesabiwa juu ya thamani ya bidhaa ikijumlishwa na bima na nauli, si juu ya bei ya dukani peke yake. Nauli ya meli ikipanda, ushuru nao hupanda. Mwagizaji amuulize wakala wa forodha kiwango kinachotumika kabla ya kutuma fedha.

La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni matengenezo. RockShox hushauri sehemu ya chini ya shokapu ya mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za matumizi. Mwenye baiskeli ya kwake huchukua miezi kufikisha saa hizo. Baiskeli ya kukodisha inayotoka saa tano kwa siku huzifikisha kwa siku kumi za kazi. Asiyetenga fedha za sili, mafuta, pedi za breki na fundi aliyefunzwa atakuwa na shokapu zilizokwaruzika kabla msimu haujaisha.

Hivyo bajeti ya kweli hupatikana kwa kutoa kwanza nauli, bima, ushuru, kodi na akiba ya matengenezo ya mwaka mmoja. Kinachobaki, kikigawiwa kwa tano, ndicho mfanyabiashara anachoweza kutaja mbele ya muuzaji. Ikionekana hakitoshi, ni afadhali kununua baiskeli tatu nzuri kuliko tano zitakazosimama.

USHAURI KWA MNUNUZI

Keith Bontrager, mmoja wa waanzilishi wa utengenezaji wa baiskeli za milimani, huhusishwa na usemi maarufu katika biashara hii: kati ya uimara, wepesi na bei nafuu, mnunuzi atapata viwili tu.

Kwa anayekodisha, viwili hivyo ni uimara na bei nafuu. Baiskeli ya alumini yenye milimita 120 hadi 140, shokapu ya nyuma ya hewa, breki za mafuta na gia za daraja la kati zenye vipuri vinavyopatikana ndiyo inayofaa. Wepesi autafute baadaye kwenye tyubu, tairi la mbele na tandiko, ambako gramu ni rahisi.

Kwa mtu binafsi anayepanda mlima mwenyewe na kujitunzia chombo chake, mitumba ya kaboni isiyozidi miaka sita hivi, iliyokaguliwa na fundi, inaweza kumpa wepesi bila kuvunja benki yake.

Kwa anayenunua ili kuuza tena, kipimo ni kimoja: asilipie gramu ambazo mteja wake hatazilipia. Mteja anayeinua baiskeli kwa mkono mmoja huhisi kilo, hahisi gramu 100 za usukani wa kaboni.

Mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo inauzwa bei ndogo sana ikilinganishwa na baiskeli yoyote. Mnunuzi aende nayo. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi ni wa saizi ndogo, tena bila pedali, na anayelipa kwa kilo hana budi kuzipima mwenyewe.